Biblia iliyojificha kwenye maandishi ya Wamarekani wa mwanzo

Nafundisha fasihi ya Marekani ya zamani, na kila mwaka lazima niulizwe, mwalimu, nitajuaje mwandishi anagusa Biblia wakati hajataja kitabu wala mstari? Jamani, hakuhitaji kutaja. Wasomaji wake walilelewa na Biblia, kipande tu kinatosha, kama sisi mtu akisema "sizitaki mbichi hizi" stori nzima ya sungura imeshakuja kichwani.

Mfano wangu siku zote ni William Bradford, gavana wa Plymouth, koloni la Waingereza huko Marekani. Yeye na wenzake walifika na meli ya Mayflower mwaka 1620, abiria 102, na baridi ya kwanza ikaondoka na kama nusu yao. Alianza kuandika historia yao mwaka 1630 na kuna mahali anasema watoto wa wazee hawa wana haki ya kusema, baba zetu walikuwa Waingereza waliovuka bahari hii kubwa, wakawa karibu kupotea katika nyika hii, wakamlilia Bwana naye akasikia sauti yao. Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 26, pale Mwisraeli anapopeleka kapu lake la malimbuko, anatakiwa aseme baba yake alikuwa Mwarami karibu na kupotea. Bradford kamtoa Mwarami kamweka Mwingereza! Mimi huwa nasimama hapo hapo kwenye neno lililobadilishwa, maana ndilo linakuambia anataka nini: wakimbizi wale wawe Israeli. Na hadithi ikishakuwa ya nchi ya ahadi, wenyeji waliokuwa wakiishi pale unajua mwenyewe wamebakiziwa nafasi gani, ile ya Wakanaani walionyang'anywa nchi.

Mistari michache kabla ya hapo anataja Pisga, ule mlima ambao Musa alionyeshwa nchi kabla hajafa. Wanafunzi wakiona Pisga wanaandika "Musa" wanaendelea mbele, na inaniuma sana kwa sababu Bradford anasema watu wake HAWAKUWEZA kupanda Pisga yoyote, kila walipogeuza macho ni nyika tu. Yaani Musa alikuwa na nafuu. Ukiikosa hiyo "hawakuweza" umesoma kinyume kabisa.

Halafu kuna Phillis Wheatley, binti aliyetekwa Afrika Magharibi akauzwa Boston mwaka 1761 akiwa na miaka kama saba. Kwenye shairi alilolitoa kitabuni mwaka 1773 anawakumbusha Wakristo kwamba watu weusi kama Kaini wanaweza kusafishwa wakajiunga na malaika. Kaini kila mtu anamwona. (Na Mwanzo 4 haisemi popote kwamba ile alama Mungu aliyomwekea Kaini ilikuwa ngozi nyeusi, hilo waliliongeza watu.) Lakini angalia kitenzi cha Kiingereza alichochagua, "refine", ni kile cha kusafisha madini kwa moto, na mimi nikikisoma nasikia Malaki 3, ambako Bwana anakaa kama msafishaji wa fedha, na anaowasafisha ni wana wa Lawi, makuhani wenyewe!

Kama unaona namtafutia maneno, soma barua yake ya mwaka 1774 kwa Samson Occom, mchungaji wa kabila la Mohegan. Humo anasema kila moyo wa binadamu Mungu kaupandia kupenda uhuru, halafu wenye watumwa anawaita Wamisri wetu wa leo. Massachusetts ile ile ya Bradford (Plymouth na Boston zote ziko huko), hadithi ile ile ya Kutoka, Waisraeli kutolewa utumwani Misri, ila sasa Waisraeli ni wengine.