Mkataba wa kabla ya ndoa: msisubiri wiki ya harusi

Msimu wa harusi ukikaribia, dawati letu la elimu ya sheria ya familia hupokea watu wa namna mbili. Kuna wachumba wanaotaka kusaini mkataba wa kabla ya ndoa, yaani makubaliano ya maandishi kuhusu mali na madeni yao ndoa ikivunjika, leo hii, kwa sababu ukumbi umeshalipiwa na kadi zimeshasambazwa. Na kuna waliosaini miaka iliyopita, ndoa ikavunjika, wakaenda mahakamani wakidhani wana kinga, hakimu akauweka mkataba wao pembeni. Malalamiko ya hawa wa pili yamezidi, na tukiyafuatilia yanaturudisha kwenye makosa yaleyale ya siku ya kusaini.

Tutangulize tahadhari. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya wakili. Sheria ya nchi mtakayofungia ndoa, na pengine ya nchi mtakayohamia baadaye, ndiyo itakayoamua nguvu ya mkataba wenu.

Wengi huuliza: je, ni lazima? Si lazima. Lakini msipopanga wenyewe, sheria imeshawapangia, na mipango yake haifanani. Afrika Kusini, wasiofunga mkataba kabla ya ndoa ya kiraia huhesabiwa kuwa na mali ya pamoja, na madeni nayo ni ya pamoja, yakiwemo ambayo mmoja wao aliingia nayo. Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hutazama mchango wa kila mmoja, ikihesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Kifungu cha 6 cha sheria hiyohiyo kinawaruhusu wachumba kukubaliana mapema kuhusu haki zao za mali, na kinaipa mahakama uwezo wa kuyatupa makubaliano yaliyopatikana kwa ulaghai au kwa shuruti, au yenye dhuluma ya wazi. Uingereza hakuna fomula. Jaji hupima, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2010 huupa mkataba uzito kama kila upande uliingia kwa hiari na kwa kuelewa matokeo yake, isipokuwa kama kuwafunga nao kutakuwa si haki kwa hali waliyofikia.

Kwa hiyo tunaomba hoja ya kwamba mkataba ni wa matajiri ipumzishwe. Tajiri ana mawakili hata bila mkataba. Anayeumia ni yule mwenye nyumba moja, au biashara ndogo aliyoianzisha na ndugu yake, au watoto wa ndoa ya kwanza ambao angependa wapate urithi wao bila kesi.

Chukueni nyumba moja ya kawaida. Mmoja ameinunua kabla ya ndoa na mkopo bado una miaka kumi. Wanaoana. Mshahara wa mwenye nyumba unakwenda benki kila mwezi, wa mwenzake unakwenda kwenye chakula, karo, umeme na matengenezo ya paa. Baada ya miaka kumi hati ina jina moja na stakabadhi zote za benki zina jina hilohilo. Nani amelipa nyumba ile? Mwenye hati atasema ni yeye, na karatasi anazo. Mwenzake naye ana hoja nzito, ila amebaki na kumbukumbu tu. Nani hutunza risiti za unga? Aya moja tu ingetosha kulimaliza: thamani iliyokuwepo siku ya ndoa, ukitoa deni la siku hiyo, ni ya mwenye hati; kinachoongezeka baada ya hapo wanagawana kwa kiwango walichokubaliana. Aya kama hiyo inamlinda asiye na hati kuliko mwenye nayo, jambo ambalo wachumba wengi hushangaa kulisikia kwetu.

Faida nyingine ipo kwenye madeni. Mchumba aliyemdhamini rafiki yake kwa mkopo huwa hasemi, si kwa ubaya, amesahau tu. Mkataba humlazimisha kukumbuka. Vilevile mnaweza kuandika kwamba atakayeacha kazi ili kulea watoto atafidiwa kwa namna fulani, maana hasara yake ya kipato na pensheni huonekana baada ya miaka mingi.

Sasa utaratibu, na hapa tunaomba msome polepole.

Kwanza ni orodha. Kila mmoja anaandika alichonacho na anachodaiwa: ardhi na nyumba, akaunti, hisa, magari, biashara na asilimia yake ndani ya biashara hiyo, akiba ya uzeeni, mikopo, dhamana alizowawekea wengine. Kila kitu kiwe na thamani, tarehe ya thamani hiyo na karatasi ya kuithibitisha. Orodha inakuwa kiambatisho cha mkataba na inasainiwa na wote wawili. Kusema “mali zangu zote anazijua” hakutoshi. Mahakama inatazama kilichoandikwa, na mali iliyofichwa ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuuangusha mkataba mzima. Aliyeficha anaweza kubebeshwa gharama za kesi, na pale orodha ilipoambatana na kiapo, kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai karibu kila mahali.

Pili, mawakili wawili. Wakili mmoja aliyelipwa na upande mmoja, akamwambia mwingine “saini hapa na hapa,” hajamshauri mtu. Kila upande uwe na wake, na wakili aandike cheti kwamba amemweleza mteja anachopata na anachopoteza. Kama lugha ya mkataba si lugha ya mmoja wenu, utafsiriwe wote, na mtafsiri asaini.

Tatu, muda. Mchezaji wa besiboli Barry Bonds na mchumba wake, aliyetoka Sweden, walisaini mkataba wao mwaka 1988 siku moja tu kabla ya harusi, bi harusi akiwa hana wakili wake. Mahakama ya Juu ya California iliuacha usimame mwaka 2000. Bunge la jimbo hilo halikupendezwa. Likatunga sheria kwamba lazima zipite angalau siku saba kati ya kuupokea mkataba na kuusaini, na kwamba asiyetaka wakili aseme hivyo kwa maandishi. Mwaka 2017 mahakama ya juu kabisa ya Australia ilikwenda mbali zaidi. Ilifuta mikataba ya mwanamke aliyeoneshwa masharti siku kumi hivi kabla ya harusi, wazazi wake wakiwa wameshasafiri kutoka nje ya nchi. Wakili wake mwenyewe alimwambia asisaini, akasaini. Majaji waliona kwamba mtu aliye kwenye hali ile hakuwa na nafasi ya kukataa. Ushauri wetu ni miezi mitatu. Mkija na siku tatu, tutawashauri mfunge ndoa bila mkataba.

Nne, saini yenyewe. Ujerumani wachumba wote wawili lazima wawe mbele ya mthibitishaji wa nyaraka (notari) kwa wakati mmoja. Ufaransa nako mkataba hupita kwa mthibitishaji kabla ya ndoa, na huanza kufanya kazi siku ya ndoa. Afrika Kusini mthibitishaji akishausaini, usajiliwe ndani ya miezi mitatu, la sivyo hauwafungi watu wengine, wakiwemo wanaowadai. Kwingine mashahidi wawili wanatosha. Popote mlipo, wekeni herufi za majina kwenye kila ukurasa, viambatisho vikiwemo, na kila mtu abaki na nakala halisi yake.

Kuhusu fomu za kupakua mtandaoni, tungependa kusema kwa upole. Mwezi uliopita wachumba wawili walituletea mkataba umeshachapwa vizuri, una jalada, una nafasi za muhuri. Ukurasa wa tatu ulikuwa bado na jina la mwanamume mwingine, yule wa mfano. Ukurasa wa tano ulitaja mahakama ya nchi ambayo hawajawahi kuikanyaga. Walitaka tugonge muhuri. Muhuri wetu unathibitisha kwamba aliyesaini ni yeye, basi. Hautibu mkataba mbovu, na tumelisema hili mara nyingi mno.

Yapo pia mambo ambayo hayaandikiki. Hamwezi kukubaliana leo kuhusu nani atakaa na mtoto ambaye hajazaliwa, wala kwamba mzazi fulani hatatoa matunzo. Haki hiyo ni ya mtoto, wazazi hawana mamlaka ya kuiuza. Masharti ya uzito wa mwili, ya idadi ya safari za kwa wakwe, ya nani aoshe vyombo, mahakama nyingi huyaacha pembeni, na yakizidi humfanya jaji aanze kuyatilia shaka hata yale ya maana. Wekeni pia kifungu kinachosema kipengele kimoja kikibatilishwa, vingine vinabaki.

Kuna wanaosema kuongelea mali ni kuitabiria ndoa talaka. Hatubishani na imani ya mtu. Tunachoona mezani ni kwamba wengine huahirisha harusi baada ya kusoma orodha ya mwenzake, na hilo halikuletwa na mkataba, deni lilikuwepo.

Mwisho ni mabadiliko. Maisha yakibadilika, amepatikana mtoto, biashara imekua, mmoja ameumwa, mkataba upitiwe upya. Katika baadhi ya nchi mabadiliko baada ya ndoa huhitaji idhini ya mahakama, kwa hiyo ulizeni kwanza. Na mabadiliko hufanywa kwa taratibu zilezile za mwanzo: orodha mpya, mawakili wawili, saini mpya. Mkataba uliokatwa mstari kwa kalamu na kuandikwa pembeni “tumekubaliana” msituletee. Tutawarudishia mkiwa bado mlangoni.