Barua pepe za zamani zinavyoonyesha nani alikuwa karibu na nani

Familia inayotukabidhi barua pepe za marehemu huuliza kwanza aliandika nini. Sisi wahifadhi nyaraka huanzia kwingine: aliandikiana na nani, lini, na nani mwingine alipelekewa nakala. Taarifa hizo hukaa juu ya kila ujumbe. Zikikusanywa za miaka mingi, sura ya mahusiano ya mtu huanza kujitokeza kabla hujasoma hata sentensi moja.

Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walilidhihirisha hilo kwa programu iliyoitwa Immersion. Ilichukua mtumaji, wapokeaji na wakati tu, ikayaacha maudhui. Kila mtu alikuwa duara, na mistari iliwaunganisha waliokutana kwenye ujumbe mmoja. Katika picha za namna hii ndugu hujikusanya upande mmoja, wafanyakazi wenza upande mwingine, na katikati huweza kuonekana mtu anayeyashikanisha makundi mawili. Mtazame huyo kwa makini, hata kama barua zake ni chache.

Idadi peke yake hudanganya. Bosi anayetuma matangazo kila asubuhi atampita rafiki wa kufa na kuzikana. Angalia kama majibu yanatoka pande zote mbili, yanachukua muda gani, na kama yanafika usiku au siku za mapumziko. Angalia pia nakala: wawili waliozoea kuandikiana wenyewe wakianza ghafla kumwekea mkubwa wao nakala, huenda kuaminiana kumepungua, au kazi tu imekuwa nzito. Ukimya nao una utata wake, kwa kuwa wanaoishi nyumba moja hawana haja ya kuandikiana. Ndiyo maana mchoro hutupa maswali, nasi huyatafutia majibu ndani ya barua na kwa watu waliokuwepo.

Mkusanyo uliochunguzwa sana ni wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika mwaka 2001. Mwaka 2003 tume ya serikali iliyokuwa ikiichunguza iliweka hadharani barua za wafanyakazi wapatao 150, wengi wao wakiwa wakubwa wa kampuni. Watafiti walinufaika mno, lakini humo mlikuwa na mambo ya familia yasiyohusiana kabisa na uchunguzi, na baadhi ya ujumbe uliondolewa baadaye kwa maombi ya walioguswa. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu lingeweza kuzuiwa.

Maktaba za Chuo Kikuu cha Stanford zilitengeneza programu ya ePADD kwa ajili ya kazi ya kuhifadhi barua pepe: huunganisha anwani mbalimbali za mtu mmoja, huchambua majina ya watu na mahali, na humwezesha mhifadhi kuzuia ujumbe nyeti kabla wasomaji hawajaufikia. Bado programu haijui siri za nyumba yenu. Anwani ya daktari au wakili ikijirudia mwezi mzima inatosha kuashiria ugonjwa au kesi, hata barua zenyewe zikifungwa. Kwa hiyo tutajieni majina kama hayo siku ya makabidhiano, tuyafiche kwenye mchoro pia.