Furaha ya wakazi si namba moja

Katika toleo la kwanza la mchezo wa kujenga mji ninaoutengeneza, furaha ya wakazi ilikuwa mstari mmoja wa kijani juu ya skrini, kuanzia 0 hadi 100, na hesabu yake ilikuwa jumla ya mazuri yote yaliyojengwa ukitoa mabaya yote. Mtu mmoja niliyempa aujaribu aligundua mapema kwamba bustani ni nafuu kuliko zahanati, akajaza bustani kila kona, na mji wake usio na maji wala tiba ukaendelea kuonyesha furaha ya 85. Hakudanganya popote, kanuni zangu mwenyewe ndizo zilizosema kwamba nyasi zikiwa nyingi humponya mgonjwa.

Tangu hapo nimeacha kujumlisha mahitaji yote katika kapu moja. Maji, chakula, makazi na afya sasa huweka dari, na starehe hufanya kazi chini ya dari hiyo tu, kiasi kwamba mkazi asiye na maji hapiti 30 hata akizungukwa na bustani kumi.

Dari hiyo ilizaa tatizo jingine, kwa sababu bomba likipasuka mtaa mzima ulianguka kwa mpigo: uzalishaji ukashuka, kodi ikapungua, mchezaji akafunga huduma ili kuokoa fedha, na huzuni ikazidi hadi mji ukafa kabla hajaelewa kilichotokea. Nililitatua kwa kuichelewesha hisia. Kila siku ya mchezo, furaha husogea sehemu moja ya kumi tu ya umbali uliobaki kufikia kiwango kipya, hivyo mkazi mwenye 80 ambaye kiwango chake kimeshuka hadi 30 atakuwa na 75 kesho na 70.5 keshokutwa, na fundi anapata muda wa kufika. Hata hivyo ucheleweshaji una gharama yake, kwani mchezaji asiyeona matokeo ya kitendo chake papo hapo hulaumu jambo jingine kabisa. Ndiyo maana ukibofya nyumba yoyote utaona furaha ya leo, mshale unaoelekea kiwango kipya, na sababu tatu zenye uzito zaidi zikiwa zimeandikwa kwa maneno.

Jambo lililonisumbua zaidi ni wastani. Tuseme mji una wakazi 1,000, ambapo 900 wana furaha ya 80 na 100 waliosahaulika wana 10. Wastani ni 73, namba ambayo haimshtui mtu. Michezo mingine ya kompyuta imejaribu njia tofauti: Civilization V ya mwaka 2010 ilipima furaha ya himaya nzima kwa pamoja, hivyo kuanzisha mji mpya kulipunguza furaha ya himaya yote. Civilization VI ya 2016 iliupa kila mji hesabu yake. Frostpunk, iliyotoka 2018, ilitenganisha tumaini na manung'uniko katika vipimo viwili, uamuzi ninaouona wa busara sana, kwa kuwa watu wanaweza kukasirika na bado wakaamini kesho. Mimi nimechagua kupima mtaa kwa mtaa, na mstari wa juu ya skrini unaonyesha mtaa ulio chini kuliko yote.

Kisha nikaruhusu wasio na furaha kuhama, na hesabu ikanicheka: wale 100 walipoondoka, wastani wa mji, ambao bado nilikuwa nautumia kukokotoa uhamiaji, ulipanda kutoka 73 hadi 80 bila mchezaji kuweka hata tofali moja, na wageni wakaanza kumiminika. Kwa sasa kila anayehama huacha alama yake katika daftari la mtaa kwa siku 60 za mchezo, na alama hizo hupunguza idadi ya wanaotaka kuhamia hapo. Siku 60 bado naziona nyingi kwa miji midogo, ambako familia mbili zikiondoka mtaa hukaa mtupu msimu mzima. Huenda nikaufungamanisha muda huo na idadi ya nyumba.