Chuo cha Arusha katika utafiti wa kimataifa wa mazingira: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Chuo cha hapa huchota sampuli tu, sayansi yenyewe hufanyika Ulaya.

Tuchukue floridi, madini ya majini ambayo yakizidi huharibu meno, tatizo ambalo Arumeru, hapa mkoani Arusha, inalijua kwa meno ya watoto wake. Miamba ya volkano ya Meru ina floridi, na maji yanayopita humo huwa na bikaboneti nyingi ya sodiamu na kalisi kidogo. Kalisi ikiwa nyingi huishika floridi ikatulia chini. Ikiwa haba, floridi hubaki majini. Swali hilo limezaliwa hapa. Ndiyo maana katika mradi wa FLOWERED wa kuondoa floridi majini, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia, taasisi ya Nelson Mandela (NM-AIST) iliyoko Tengeru iliingia kama mshirika.

Kupima floridi nako hakuhitaji ndege. Chupa iwe ya plastiki, isiwe ya kioo, kwa kuwa kioo huathiri floridi. Isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale yanayochotwa. Joto, pH (kipimo cha uchachu wa maji) na uwezo wa maji kupitisha umeme vipimwe palepale kisimani, kwani vikisubiri maabara vitakuwa vimebadilika. Maabara, sampuli huchanganywa nusu kwa nusu na TISAB, kimiminika kinachoiachilia floridi iliyoshikwa na metali, kabla ya kutumbukiza elektrodi, yaani kijiti cha kupimia floridi. Hatua hii ndiyo inayorukwa mno, na madhara yake hayaonekani kwa macho: aluminiamu na chuma huikamata floridi, elektrodi isiione, na maji mabaya yakaandikwa kuwa mazuri. Kabla ya yote hayo elektrodi ihakikiwe: kutoka myeyusho wa miligramu 1 kwa lita hadi wa 10, usomaji unapaswa kubadilika kwa milivolti 54 hadi 60. Ukipungua chini ya hapo, acha kupima, safisha elektrodi, anza upya.

Vipo vipimo ambavyo hupelekwa nje kwa sababu ya mashine, kama vile baadhi ya isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti. Hilo ni suala la vifaa, wala si la akili.

Dhana: Teknolojia ya kusafisha maji huja kutoka nje ikiwa tayari imekamilika.

Hapa ndipo ushirika mwingi huharibika. Alumina iliyoamilishwa, chembe za oksidi ya aluminiamu zinazonasa floridi, hufanya kazi vizuri maji yakiwa na pH ya 5.5 hadi 6. Visima vingi vya ukanda huu vina pH ya 8 au zaidi, na katika maji ya namna hiyo uwezo wake hushuka sana. Njia ya shabu na chokaa, iliyobuniwa India, hupunguza floridi lakini haiishushi mpaka kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita pale maji yanapoanza na 10 au zaidi, na huacha tope ambalo lazima litafutiwe pa kwenda. Tanzania yenyewe kwa miaka kadhaa iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vyanzo visivyozidi 1.5 vilikuwa haba.

Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha Ngurdoto, unayavumilia maji haya vizuri zaidi. Siri yake iko tanurini: nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, hewa kidogo. Moto ukipungua, maji yatanuka na kubadilika rangi. Moto ukizidi, mkaa hupoteza nguvu ya kushika floridi. Kisha mkaa huchoka, na ladha ya maji haitakuambia umechoka. Lazima mtu apime. Kuchemsha maji, kwa wanaouliza, hakuondoi floridi. Maji hupungua kwa mvuke, floridi inabaki ileile.

Dhana: Mgeni akishapata viza na ufadhili, anaweza kuanza kazi.

Anahitaji mwenyeji wa hapa nchini, kisha kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa wanyamapori hupitia pia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na kuingia hifadhini kuna idhini yake. Baadaye zinafuata barua za mkoa, wilaya na kijiji. Kosa la kawaida: timu yenye kibali cha maji inaamua ikiwa kijijini kupiga picha meno ya wanafunzi au kukusanya mkojo. Huo sasa ni utafiti wa afya ya binadamu, wenye kibali chake cha maadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Chuo mwenyeji ndicho kinachopaswa kusema hapana mapema, wakati ombi bado linaandikwa.

Dhana: Hati ya makubaliano ikitiwa saini, haki za chuo zimelindwa.

Hati hiyo kwa kawaida haimfungi mtu. Kinachofunga ni mkataba wa mradi na mkataba wa kuhamisha sampuli. Humo iandikwe sampuli ngapi zinaondoka, nakala gani inabaki hapa, zitapimwa nini na nini tu, takwimu zinakaa wapi, na nani anaingia kwenye orodha ya waandishi. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida, husaidia, ila inahusu rasilimali za kijenetiki. Maji yanayopimwa floridi hayamo. Vimelea vya maji hayohayo vikichunguzwa jeni zake, vinaingia.

Dhana: Barafu ya Kilimanjaro ikiisha, mito ya Moshi itakauka.

Mwaka 2000 nguzo za barafu zilichimbwa kileleni kwa ajili ya uchunguzi zikapelekwa Ohio, Marekani, na dunia ikatazama juu. Barafu inapungua kweli: kati ya 1912 na 2007 karibu asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka. Lakini mito na chemchemi za Moshi hulishwa zaidi na mvua ya ukanda wa msitu kuliko barafu. Anayetaka kujua hatima ya mifereji ya Wachaga na apime msitu na mto. Fimbo ya kina cha maji husomwa kila siku kwa saa ileile, miaka mingi mfululizo. Msomaji akikosekana wiki mbili za masika, mafuriko makubwa ya mwaka huenda yasiwemo kwenye rekodi, na hakuna mgeni wa miezi mitatu anayeweza kuirudisha.