Kusama wa mkasi na gundi: mdudu, mbegu na nyota kwenye karatasi moja

Watu wengi wakisikia jina la Yayoi Kusama, msanii wa Kijapani, akili inaenda moja kwa moja kwenye maboga ya madoadoa na vile vyumba vya vioo ambavyo watu wanapanga foleni kuingia wapige selfi, na mimi sina ugomvi na hivyo vyumba, ila kwa sisi tunaofanya na kufundisha kolaji, yaani picha za kukata na kubandika vipande, kuna Kusama mwingine kabisa ambaye naona anapitwa sana, yule wa miaka ya 70, wa karatasi ndogo ndogo, mkasi na gundi. Huyo ndo nataka tumwongelee, maana kwenye hizo kazi unaona waziwazi kwamba kwake kiumbe hai na mbingu ni kitu kimoja.

Tuanzie Matsumoto, mji wa milimani huko Nagano, Japani, alikozaliwa mwaka 1929. Familia yake ilikuwa na biashara ya mbegu na vitalu vya miche, kwa hiyo amekua katikati ya maua na mbegu za kila aina, na mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba toka utotoni alikuwa anaona maono, maua yanamwongelesha, maua ya kitambaa cha meza yanasambaa yanapanda ukutani mpaka yanamfunika na yeye. Kuna mchoro wake wa penseli wa 1939, alikuwa na miaka 10 hivi, mwanamke amevaa kimono na nukta zimemtapakaa hadi usoni. Mwanzoni mwa miaka ya 50 akawa anatoa michoro midogo ya karatasi kwa wingi, wino, rangi za maji, pasteli (chaki za rangi), na ukikaa nayo huwezi kuapa umeona nini, inaweza kuwa seli chini ya hadubini, yai, mbegu inayochipua, au sayari gizani. Huo utata haukumponyoka kwa bahati mbaya jamani, huo ndo kazi yenyewe! Kwake swali la "hiki ni kidogo au kikubwa" halina maana.

Akaenda Marekani 1957, mwaka uliofuata akahamia New York. Huko ndo alichora zile nyavu zake kubwa, michoro ya vitanzi vidogo vinavyojirudia kama wavu, lakini mwaka 1962 alifanya pia kolaji ya stika za barua za ndege, mamia kwa mamia, stika ileile imebandikwa safu kwa safu mpaka karatasi nzima inatetemeka. Hapo hakuna mdudu wala nyota, ila tabia ni ileile, kitu kimoja kinajizidisha kama seli zinavyogawanyika.

Halafu kuna Joseph Cornell. Huyu alikuwa msanii mkubwa kwake kwa umri, alizaliwa 1903, aliishi Queens, hapohapo New York, na mama yake, mtu wa kujifungia ndani anatengeneza visanduku na kolaji za ndege, ramani za nyota, vipande vya magazeti ya zamani. Wakawa karibu sana na Kusama miaka ya 60, na akawa anampa vipande alivyokata. Cornell alifariki Desemba 1972, Kusama akarudi Japani 1973, na 1974 baba yake naye akafariki. Kolaji ninazozisema zinatoka kwenye msiba huo, na mwaka 1975 alizionyesha Tokyo. Mojawapo inaitwa Roho Inarudi Nyumbani Kwake. Ndani ya hizi kazi unakuta ndege, wadudu, maua, vyote vimekatwa kwenye picha za kuchapwa, vimebandikwa kwenye anga lake la wino na pasteli lenye nukta kila mahali.

Sasa kwa nini kolaji na sio kuchora tu? Hapa ndo penyewe. Ukichora ndege karibu na mwezi lazima uamue yupi yuko mbele na yupi nyuma, jicho la mtazamaji linadai hesabu. Lakini picha iliyokatwa inakuja na ukubwa wake kutoka ilikotoka, mende alikuzwa na kamera, mwezi ulipunguzwa uenee kwenye ukurasa, ukiwabandika pamoja mende anakuwa mkubwa kuliko mwezi na hakuna anayeshtuka, maana wote ni karatasi. Na kuna kitu kingine ambacho huwa nawaambia wanafunzi wangu wachukue lensi waangalie wenyewe: picha ya gazeti ni nukta za wino tupu. Ina maana Kusama akidondosha nukta zake pembeni ya ndege aliyechapwa, ndege mwenyewe tayari ni nukta, kwa hiyo mpaka kati ya mwili wa ndege na anga unakuwa mwembamba kweli kweli. Yeye amekuwa akisema tangu miaka ya 60 kwamba dunia yetu ni nukta moja kati ya mamilioni ya nyota, na kwenye kolaji hilo neno limepata mwili.

Wapo wanaoziona kolaji hizi kama heshima tu kwa Cornell, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ndege wa Cornell mara nyingi wako ndani ya kisanduku, kuna fremu, kuna kioo, anga linaonekana kwa mbali na wewe unalitamani. Kwa Kusama hakuna kisanduku, anga limeshaingia ndani, linamgusa kiumbe manyoya na mbawa, na ukiangalia kingo za vipande unaona rangi ya usuli inaingia juu ya picha iliyokatwa. Kifo kipo pale, sikatai, lakini kipo jinsi mbegu inavyooza ili iote, na mtoto wa watu wa vitalu hahitaji kufundishwa hilo.

Ukipata kitabu chochote kizuri cha kazi zake, ruka maboga kwanza. Fungua michoro ya Matsumoto ya miaka ya 50, halafu nenda moja kwa moja 1975, ziweke hizo kurasa mbili sambamba na uangalie maumbo ya duara tu.