Je, wajua? Ubongo hulipima neno kabla kidole hakijabonyeza kitufe

Soma hii: "Alipaka mkate siagi, kisha akanywa kikombe cha matofali." Milisekunde 400 hivi (chini kidogo ya nusu sekunde) baada ya neno "matofali" kuonekana, umeme wa ubongo unaopimwa juu ya utosi huelekea upande hasi zaidi kuliko kama lingekuwa "chai". Marta Kutas na Steven Hillyard walilitangaza wimbi hilo mwaka 1980 huko California, nalo likaitwa N400.

Wengi huliita wimbi la kosa, lakini sivyo. Karibu kila neno lenye maana hulileta. Linalobadilika ni ukubwa wake, na kadiri neno linavyotarajiwa, ndivyo linavyopungua. Kutas na Hillyard walijaribu pia neno linalofaa kabisa, ila herufi zake ghafla ni nene na kubwa kuliko za maneno mengine. Hilo lilishangaza wasomaji, lakini wimbi lililotokea lilikuwa chanya. Sarufi nayo ina alama yake: katika lugha kama Kiingereza na Kiholanzi, kosa la upatanisho, mfano wa "kitabu ameanguka", kwa kawaida huleta wimbi chanya karibu na milisekunde 600, yaani P600.

Ugumu ni kwamba mawimbi haya ni mikrovolti (sehemu za milioni za volti) chache tu, nayo yamezama ndani ya umeme mwingine wa ubongo ulio mkubwa mara kadhaa. Ndiyo maana sentensi moja haitoshi. Mshiriki huvalishwa kofia ya elektrodi (vipokezi vya umeme) 32 au 64, na kila moja hutiwa jeli mpaka ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kati yake na ngozi, ushuke. Maneno huja moja moja kwenye skrini, kila nusu sekunde, ili macho yasitembee. Kisha rekodi hukatwa vipande, kuanzia milisekunde 200 kabla ya neno hadi 800 baada yake, na kutafutiwa wastani. Kelele, yaani ule umeme mwingine, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipande: 36 huipunguza mara 6, lakini ukitaka mara 10 unahitaji 100.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kope. Kupepesa jicho mara moja huweza kuzidi mikrovolti 100, kwa hiyo vipande hivyo hutupwa au husafishwa kwa hesabu. Nywele nazo ni tatizo halisi: rasta, weaving na mafuta mazito huizuia elektrodi isifike kwenye ngozi. Dawa si kumfukuza mshiriki, kama maabara nyingi zilivyozoea, kwani hapo matokeo yanawaacha nje watu wengi wenye nywele za Kiafrika. Ni afadhali kusuka mistari inayofuata safu za elektrodi, ngozi ibaki wazi.

Mbinu hiyohiyo hupima jinsi ubongo unavyopokea mrejesho, yaani habari ya kupatia au kukosa. Mwaka 1997 Wolfgang Miltner na wenzake waliwataka watu wakisie sekunde moja imekwisha lini, wabonyeze kitufe, kisha waambiwe kama wamepatia au wamekosa. Habari ya kukosa ilileta wimbi hasi sehemu ya mbele katikati ya kichwa, kati ya milisekunde 250 na 330 hivi, iwe imekuja kwa sauti, mwanga au mguso. Mtu akipatia, muda uliokubalika ulibanwa. Akikosa, ulipanuliwa, ili kupatia na kukosa kuwe nusu kwa nusu. Bila hivyo huwezi kujua unapima ubaya wa habari au uchache wake. Siku hizi watafiti wengi huona kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya kupatia na kukosa hutoka kwenye wimbi chanya la kupatia.

Jaribio linalonivutia kuliko yote ni la Judith McLaughlin, Lee Osterhout na Albert Kim, 2004. Wanafunzi wa Kifaransa waliofundishwa saa 14 hivi waliulizwa lipi ni neno halisi na lipi la kubuni. Majibu yao ya kitufe yalikuwa sawa na kubahatisha, lakini N400 yao ilikuwa imeshayatofautisha.