Florini ya Firenze au ya kabaila?

Sarafu ya dhahabu yenye ua la yungiyungi upande mmoja na Yohana Mbatizaji upande wa pili si lazima iwe ya Firenze, mji wa Italia. Mji huo ulianza kutoa florini mwaka 1252, ya karati 24, yaani dhahabu safi, na uzito wa gramu 3.53 hivi. Ilipokubalika kila soko, makabaila wadogo waliona heri kuiga sura yake kuliko kutoa sarafu ngeni ambayo hakuna mfanyabiashara angeipokea.

Wengine waliiga waziwazi. Kwenye florini za Orange, kusini mwa Ufaransa ya leo, za karne ya 14, penye FLORENTIA, jina la Kilatini la Firenze, utakuta R DI G P AVRA: Raymond, kwa neema ya Mungu, mtawala wa Orange. Zisome kwa lenzi ya kukuza mara 10, taa ikimulika kutoka ubavuni.

Herufi za ukingoni ndizo hukosekana zaidi. Kipande cha dhahabu kiliwekwa juu ya muhuri uliopachikwa kwenye gogo, muhuri wa pili ukashikwa kwa mkono, nyundo ikashuka. Mkono ukiyumba picha huenda upande. Pigo likirudiwa, herufi hutoka mbilimbili. Hizo si dalili za ughushi. Cha kutilia shaka ni sarafu mbili zenye kasoro kama hizo zinazofanana kabisa mahali palepale: hapo huenda zilimiminwa kwenye kalibu, si kupigwa nyundo.

Kuna walioiga kwa siri. Mastro Adamo aliwafulia mabwana wa Romena, wa ukoo wa Guidi, florini za karati 21. Firenze ikamchoma moto mwaka 1281. Mabwana zake, kama kawaida, hawakuchomwa.

Kwa hizo, macho hayatoshi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha izamishe sarafu kwa uzi mwembamba bila kugusa chini wala pembeni. Florini safi husoma gramu 0.183, ya karati 21 iliyochanganywa na shaba, takriban 0.209. Mizani ya kusoma gramu 0.01 haifai hapa; tafuta ya 0.001. Futa viputo vya hewa, maana hukuza kipimo na dhahabu safi ikaonekana chafu. Lehemu iliyobaki kwenye sarafu iliyowahi kuvaliwa kama kidani hupotosha vilevile.

Iliyokatwa kingo hupungua uzito, lakini gawanya uzito wake kwa kipimo cha majini: dhahabu safi, iliyo nzito mara 19.3 kuliko maji, itatoa 19.3 hivi hata ikibaki nusu.